Shimo Lisilojaa

Asajile wa Masukulu hakujua kukaa. Ukimpa kigoda alikikalia nusu, kama mtu anayesubiri kuitwa. Hata kanisani alichagua benchi la mwisho karibu na mlango, na mahubiri yakirefuka ungemkuta nje, anapima ardhi kwa macho: hapa udongo mwekundu, pale mchanga mweusi. Kazi yake ilikuwa kuchimba vyoo na visima. Alichimba Masukulu yote, akavuka Mpuguso, akafika Kisondela, na kote alikwenda kwa miguu, sururu begani na kamba kiunoni.

Sifa yake ilikuwa moja: choo cha Asajile hakijai. Nchi ile ya Rungwe, chini ya udongo wake wa kulimika, ina tabaka la mawe mepesi ya kijivu, yenye matundu kama mkate, ambayo ukiyatupa mtoni yanaelea. Milima iliyatapika zamani sana, kabla hata ya watu. Wachimbaji wengine wakilifikia tabaka hilo huacha, kwa kuwa linabomoka. Asajile yeye alisuka mianzi, akaizungushia ukutani, akaendelea kushuka, na choo kikiishia humo kilikuwa kinameza tu. Nyumba ya watu kumi, miaka kumi, chini pakavu.

"Wenzako wanachimba vyoo," watu walimwambia, "wewe unachimba tumbo la fisi."

Alicheka, akaondoka kabla togwa halijaletwa.

Na kazi haikumwishia, kwa sababu kwa Wanyakyusa mji mmoja, yaani nyumba za ukoo mmoja, unataka vyoo viwili. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani. Hawatazamani usoni, hawaitani majina, hawapiti njia moja kwa wakati mmoja, na choo ndiyo kabisa. Vijana wa siku hizi wanalegeza, wengine wanapeana hata mikono, lakini Asajile alikuwa mtu wa zamani. Alimjua mkwe wake kwa kikohozi, kwa mlio wa ndoo, na kwa khanga iliyoingia mlangoni upesi yeye alipotokea.

Mkwe huyo aliitwa Atuganile, mtu wa Kisondela. Jotham, mtoto wa Asajile, alipokuwa anajiandaa kumwoa, mzee alimchimbia bibi arusi kisima. Hakuambiwa na mtu. Alikuwa amemwona mkewe mwenyewe, Agness, akishuka na kupanda bonde miaka thelathini, ndoo kichwani, kufuata chemchemi ya kule kwenye mianzi, akaona haya mtoto wa watu naye aje aianze safari ile ile. Akachimba nyuma ya nyumba mpya, kwenye mteremko, futi ishirini na mbili, akapata maji baridi, matamu. Akakifunika kwa mbao nzuri.

Bibi arusi akaja. Kumbe njia yake ya kwenda kisimani inapita mbele ya choo cha mzee, kilichokuwa huko chini tangu zamani. Sasa hapo unafanyaje? Mzee mzima atatokaje chooni, mkwe wake anapita na ndoo? Hiyo ni aibu ya kuhama nayo kijiji. Asajile akawaachia vijana choo cha chini, akajichimbia chake kipya huko juu, katikati ya migomba, mahali ambapo mkwe hana shughuli. Ilikuwa hatua ishirini na tano juu ya kisima. Akakichimba kwa ufundi wake wote, mpaka kwenye mawe mepesi.

Hakikujaa. Miaka minane.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara. Madukani Tukuyu kulijaa sabuni za kila rangi, redio na mitumba, lakini bomba la kijiji, lililoletwa enzi za ujamaa kwa nyimbo na vigelegele, lilikuwa limekauka. Vipuri havikuja tena. Wananchi wakaambiwa wachange. Wengine wakachanga, wengine wakangoja wenzao, kutu nayo haikungoja mtu. Kila mji ukajitafutia kisima chake. Jotham akaenda Chunya kutafuta dhahabu, maana naye damu yake ilikuwa ya mashimo, akawa anarudi Krismasi. Kisha Agness akafariki, na pale nyumbani wakabaki watu wawili wasioweza kusemezana, na mtoto mmoja katikati yao.

Mtoto ni Lusungu, binti wa Jotham, sasa ana miaka sita. Yeye ndiye aliyebeba chakula na maneno kutoka nyumba moja hadi nyingine.

"Babu, mama anasema leo chumvi imezidi, usiseme."

"Mwambie sijasema."

"Anasema asante."

"Kwani keshasikia?"

"Yuko nyuma ya mlango."

Siku moja, masika yalipokolea, Lusungu alikuja mbio, miguu imejaa tope. "Babu, mama anasema maji ya kisima yananuka mvua ikinyesha."

Asajile alikuwa anafunga kamba kiunoni, safari ya Kisondela. "Mwambie ni majani ya migomba. Ayatoe, maji yatakaa sawa."

Mtoto akaenda, akarudi. "Anasema majani alishatoa."

"Basi nitaangalia," akasema mzee, na mguu ulikuwa tayari barabarani. Kazi ya Kisondela ilichukua wiki mbili. Aliporudi mvua zilikuwa zimepungua, na neno lile lilikuwa limemtoka.

Halafu Lusungu akaanza kuumwa. Kwanza tumbo la kuhara, likapita. Baada ya mwezi homa, wakapata vidonge vya zahanati, ikapita. Mara ya tatu mama yake alimbeba mpaka hospitali, wakaambiwa ni homa ya matumbo, apewe dawa mpaka ziishe, na maji ya kunywa yachemshwe. Atuganile alichemsha. Lakini kuni za Rungwe ni mbichi miezi kumi ya mwaka, na vyombo vinasuuzwa kwa maji yale yale, na mtoto akisikia kiu anakinga mikono kwenye ndoo. Hata kumtazama tu uliona: shingo imekuwa nyembamba, macho makubwa.

Mara ya nne ilipomrudia, hakuweza kuinuka kitandani.

Hapo nyumba mbili zile zikanyamaza. Atuganile alikuwa akiweka bakuli la mzee juu ya jiwe, anakohoa, anaingia ndani. Asajile anatoka, anachukua. Kumuuliza hali ya mtoto hakuweza. Alisimama nyuma ya ukuta akasikiliza: akisikia mtoto analia, afadhali, akisikia kimya, alizunguka nyumba yake mara tatu, mara nne, kama kuku aliyekosa pa kutagia. Siku ya tatu akashindwa. Akachukua sururu, akaenda Mpuguso, ambako alikuwa na shimo la choo la Obed nusu njia. Watu wakasema, huyu mzee ana moyo gani, mjukuu yuko hoi yeye anakwenda kuchimba. Hawakujua kwamba angebaki, angebomoa ukuta.

Obed alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, mkulima wa chai, mnene, mwenye maneno. Yeye alikaa juu kuvuta ndoo za udongo, Asajile chini. Futi kumi na nane sururu likagusa mawe mepesi. Asajile akainama kuyakwangua, na tone moja likamwangukia shingoni.

Mvua haikuwepo. Akajipangusa, akanusa kiganja.

Akainua macho. Ukutani, pale udongo unapokutana na mawe, palikuwa na mstari wa unyevu, mweusi, unametameta, na matone yalikuwa yanajikusanya taratibu. Na harufu ile si ya udongo.

"Obed! Jirani yako wa huko juu, choo chake kiko wapi?"

"Choo gani? Si kile ulichomchimbia wewe mwaka juzi? Kiko palepale kwenye parachichi."

"Hatua ngapi mpaka hapa?"

"Unaniuliza mimi, mpimaji ni nani? Weka thelathini. Umekuta nini huko, dhahabu ya Jotham?"

"Nivute."

"Bado futi sita, bwana."

"Nivute, Obed!"

Alipotoka juu alikaa ukingoni, akakaa kweli, makalio yote mawili, na Obed akaogopa. Miaka yote, Asajile akichimba kisima alisema maji yanakuja. Akichimba choo alisema uchafu unakwenda. Hakuwahi kujiuliza kama anayekuja na anayekwenda wanakutana njiani.

Akaliacha sururu lake palepale. Badala ya kushuka Masukulu, akapanda Tukuyu, haraka haraka, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja aliyewahi kumuuliza swali hilo, na yeye akamcheka.

Alimkuta sokoni, ameegemeza baiskeli kwenye meza ya Arafa, mama wa Kimanga, Mwarabu wa mikeka na ukindu, ambaye babu yake alikuja na bidhaa kutoka Kilwa. Mtu mwenyewe ni Ahmadi, bwana afya, mdogo wake Arafa.

"Lo, tumbo la fisi lenyewe!" Ahmadi akasema. "Shikamoo mzee. Leo umekuja kunijibu? Choo kisichojaa, vitu vinakwenda wapi?"

Asajile hakucheka. "Vinakwenda kisimani," akasema.

Ahmadi akaacha baiskeli. Mzee akamweleza yote pale pale, tone la Mpuguso, choo cha migomba, kisima, mtoto. Arafa alikuwa anafunga mkeka, mikono ikasimama.

"Nitajuaje kwa hakika?" Asajile akauliza. "Mpuguso ni Mpuguso. Kwangu huenda maji yanashuka vingine."

"Ingekuwa zamani ningechukua chupa nikapeleka Mbeya wakapime," Ahmadi akasema. "Siku hizi ofisini kwangu hata chaki ya kuandikia hakuna. Lakini tia rangi. Tia rangi chooni, mwagia maji mengi, ngojea. Ikitokea kisimani, umejibiwa. Isipotokea, bado usinywe, hiyo nakwambia mapema."

"Rangi gani?"

"Hii hapa," Arafa akasema, akamsukumia kopo la rangi nyekundu ya kutia ukindu. "Chukua. Na angalia, baba, kijiko kimoja kinatosha mkeka mzima. Hiyo ukimwaga yote unaweza kuupaka mlima wa Rungwe."

Saa kumi na nusu alikuwa kwake. Huko njiani alikuwa ameamua kumtuma mtu kwa mkwe wake amwambie asiguse maji yale. Alifika mpaka uani kwa jirani, Felista, mke wa Lazaro, akasimama, akamwona Felista anachota kwenye kisima chake mwenyewe, na juu ya kisima hicho, kwenye mteremko, ni choo alichokichimba Asajile. Akageuka. Neno likiingia kwa Felista litafika Kisondela kabla ya giza. Akajiambia anataka hakika kwanza, asije akamtia mtu hofu kwa jambo la kukisia. Alikuwa anajidanganya, na alijua. Alikuwa anaomba isiwe kweli.

Akamimina kopo lote chooni. Akachukua maji ya mvua kwenye pipa, ndoo baada ya ndoo, kumi na mbili, akayamwaga humo. Shimo likameza kama kawaida yake. Jioni mvua ikashuka, ya Rungwe, ile isiyo na haraka, naye akaisikiliza amelala na viatu.

Kulipokucha alisimama nyuma ya ukuta wake, uso kwenye migomba, mgongo kisimani, akasikiliza. Akasikia mbao zinaondolewa. Ndoo ikashuka, ikagonga maji, ikapanda.

Halafu Atuganile akapiga yowe. "Damu! Jamani, damu! Kisima kina damu!"

Ndoo ikabingirika. Miguu ikakimbia ndani, vitu vikaanza kuangushwa, na sauti yake ikawa inasema peke yake, nusu Kiswahili nusu Kinyakyusa, kwamba wamemaliza, wamemroga mtoto na sasa wameroga maji, hatalala hapa tena, anampeleka mtoto kwao, kwa mganga wa mjomba wake. Asajile akasikia anamfunga Lusungu mgongoni, na mtoto halii. Mpaka Kisondela ni mwendo wa asubuhi nzima kwa mtu mwenye nguvu. Mtoto yule hakuwa na asubuhi nzima.

Jirani wa kutuma alikuwepo. Lakini mpaka umwite, umweleze, aelewe, aje?

"Atuganile," akasema mzee.

Vitu viliacha kuanguka. Jina lile hakuwahi kulitamka, hata peke yake shambani.

"Si damu. Ni rangi ya mikeka. Nimeitia mimi jana, chooni kwangu. Kile cha juu." Alikuwa bado ametazama migomba, na sauti yake ilimtoka nyembamba kama ya mtu mwingine. "Imeshuka mpaka kwako. Maji mnayokunywa yanapitia kwangu kwanza. Hakuna aliyemroga mtoto. Ni mimi."

Alingoja. Kuku walikuwa wanaparua. Akawaza, amekwenda, amepita njia ya nyuma. Kisha sauti ikatoka nyuma ya mlango, ya chini, lakini haikutetemeka, ikimwita baba kwa Kinyakyusa.

"Taata, mimi nilisema."

"Ulisema."

"Nilisema maji yananuka."

"Nami nikasema majani."

"Majani nilishatoa."

"Ndiyo. Mtoto alinifikishia vizuri. Mimi ndiye sikungoja kusikia. Kwa mganga usiende. Mlete nimbebe, mgongo wangu una nguvu bado. Tunakwenda hospitali."

"Tunakwenda nani?"

"Mimi na wewe."

"Njia ni moja, Taata."

"Najua ni moja."

Akasikia mlango. Kitu chepesi, chenye joto kama jiwe la jikoni, kikawekwa mgongoni kwake, na mikono isiyomgusa ikakaza kitenge kwa ncha za vidole. Lusungu akafungua jicho. "Babu, nani kasema jina la mama?" akauliza, akalala tena.

Walitoka hivyo, mzee mbele, mkwe nyuma hatua kumi, khanga imemfunika mpaka machoni. Kila kona Asajile alikohoa, kwa mazoea tu. Wachuma chai waliinuka mmoja mmoja kuwatazama.

"Yule si Asajile?"

"Ndiye. Na huyo nyuma si mkwe wake?"

"Haya, ruksa imefika mpaka huku!"

Wakacheka, kisha wakaona kilicho mgongoni, wakarudi kuinamia chai.

Hospitali walimlaza Lusungu siku kumi na moja. Daktari alisema utumbo ulikuwa unakaribia kutoboka. Wangechelewa siku mbili zaidi, asingeahidi kitu. Asajile hakukaa hata siku moja kwenye benchi. Alizunguka jengo mpaka walinzi wakamzoea, na kila akipita dirishani alikohoa, na kutoka ndani Atuganile alimjibu kwa kikohozi: yupo. Siku ya sita alijibu kwa neno. "Amekula uji, Taata."

Walipoambiwa mtoto atapona, mzee alitangulia nyumbani, akaanza kubeba udongo. Alikifukia choo chake cha juu ndoo kwa ndoo, siku nne, nacho kikawa kinadidimia, kinadai tena, kama vile kimekataa kushiba. Ahmadi alikuja na baiskeli yake, akakipigilia misumari kifuniko cha kisima, akamwonyesha pa kuchimba choo kipya: chini kabisa, pembeni ya choo cha zamani, kifupi, kisiguse mawe.

"Hapo kitajaa, mzee. Miaka mitano, sita, kimejaa."

"Kijae."

"Na njia yako itapita mlangoni kwa mkwe."

"Nimeiona."

Kazi yake ya mwisho ikawa kuzunguka. Masukulu, Mpuguso, Kisondela, kila mji aliochimba, alibisha hodi, akakataa kigoda, akasema: choo nilichokuchimbia nimekukosea, twende tutazame kisima chako kiko wapi. Obed alimrudishia sururu lake, akampa na mkono wa kusaidia. Wengine hawakumwelewa. Lazaro, mume wa Felista, alimtimua. "Choo changu ndicho pekee kisichonuka kijiji kizima, uje ukifukie? Kazi imekuishia, nenda zako!" Asajile alirudi kesho yake, akarudi keshokutwa. Felista akaanza kufuata maji kule kwenye mianzi kimyakimya, bila kumwambia mume. Hesabu ya mashimo hayo hata mwenyewe hakuwa nayo. Alikuwa akikumbuka moja amelala, anaamka, anavaa viatu.

Asubuhi moja, kabla ya safari zake, alikuwa anashuka kwenye choo kipya. Alipokaribia mlango wa Atuganile alisimama, akakohoa, akageuza uso pembeni.

"Pita, Taata," akasema Atuganile kutoka ndani.

Lusungu akatokea mlangoni, nywele zimenyolewa, miguu bado kama vijiti. Alimwekea babu yake mkono kumzuia.

"Babu, mama anasema upite."

"Nimemsikia mwenyewe."

"Hapana," akasema Lusungu. "Ngoja nikwambie mimi."

Asajile, ambaye hakujua kungoja, akasimama akangoja kuambiwa.